Kuwinda rungu la Obor kwa simu: njia ninayoitumia hapa Mtwara

Nina banda la kutengeneza simu Chikongola, na haipiti wiki bila mteja kuona mhusika wangu wa Old School RuneScape, gemu la mtandaoni, kwenye kioo akauliza lile rungu nimelinunua shilingi ngapi. Sikulinunua. Nililipata kwenye akaunti ya bure, kwa simu na bando la kawaida. Wadogo zangu mnaouliza, njia yenyewe ni hii.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla hujashika upanga

Rungu linaitwa Hill Giant club. Anayelidondosha ni bosi (adui mkubwa) mmoja tu, jitu liitwalo Obor, na kila ukimuua uwezekano ni 1 kati ya 118. Mlango wake haufunguki bila ufunguo uitwao Giant key, ambao unadondoshwa na majitu ya kawaida, 1 kati ya 128. Ufunguo mmoja ni pambano moja. Zidisha 128 kwa 118, unapata majitu 15,104 kwa wastani.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu ameua majitu 300 hana ufunguo, anasema "sasa umekaribia", anakesha mpaka bando linakata. Jitu la 301 halina habari na yale 300. Uwezekano wake ni uleule. Katika wachezaji 100 watakaoua majitu 128 kila mmoja, kama 37 watatoka mikono mitupu. Wakifika 256, bado 13 hawana kitu. Wakifika 384, bado 5. Kwa hiyo ukikosa hujarogwa, na akaunti yako haina mkosi. Jipangie idadi ya siku, labda majitu 60, ikitimia funga simu. Mimi naandika kwenye daftari la hesabu za banda, ukurasa wa nyuma, vijiti vitano vitano.

Hatua ya pili: seva

Gemu hili linakwenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, na ndiyo sababu mtandao wetu unalimudu kuliko magemu ya kufyatuliana risasi. Kutoka huku jaribu kwanza seva za Ujerumani na Uingereza, ukae kwenye ile ambayo mhusika anageuka mara tu unapogusa kioo. Kisha tafuta yenye watu wachache, maana majitu yanagombaniwa. Mimi nacheza alfajiri kabla sijafungua banda.

Hatua ya tatu: majitu, na mifupa yake

Yako chini ya ardhi, Edgeville Dungeon. Ingia kwa ngazi ya kile kibanda kilicho magharibi ya mji wa Varrock; mlango wake unataka Brass key. Majitu ni levo 28, uhai 35, kwa hiyo mwenye levo 40 ya Attack (ustadi wa kushambulia) na upanga wa Rune scimitar anayamudu bila shida. Beba samaki wa kutosha, wa kula urudishe uhai.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililobadilisha uwindaji wangu. Kila jitu likifa linaacha Big bones. Usiiache pale chini. Izike palepale: kila mmoja ni pointi 15 za Prayer, yaani ustadi wa sala. Levo 40 ya Prayer inataka pointi 37,224, yaani mifupa 2,482 ukianzia sifuri. Mpaka umalize kuizika, kwa wastani utakuwa na funguo kama 19. Ziweke benki, usifungue hata mlango mmoja. Levo 40 ndiyo inayokupa Protect from Missiles, sala ya kukukinga na vinavyorushwa kutoka mbali, na bila hiyo funguo nyingi zitaishia kwenye kifo.

Mizizi ya Limpwurt inayodondoshwa na majitu iokote uiuze Grand Exchange, soko la ndani ya gemu. Akaunti ya bure ina nafasi 3 tu za kuuza na kununua, lakini bei unapanga wewe na mali inakaa pale ikimsubiri mnunuzi. Mtu wa Newala au Masasi aliyezoea korosho zake kukaa ghalani zikingoja mnada hahitaji kufundishwa subira hiyo.

Hatua ya nne: Obor

Ni levo 106, uhai 120. Washa Protect from Missiles, simama mbali, piga kwa upinde. Maple shortbow na mishale ya Adamant inatosha. Ukiwa mbali anarusha mawe tu, na kinga yako ni ya mawe hayo. Ukimsogelea anachanganya mawe na rungu, na kinga moja haizuii vyote viwili.

Kabla hujatia ufunguo, tazama chaji na mtandao. Jioni moja ya mvua mtandao ulikata nikiwa nimebakiza kumpiga mara mbili tatu. Mhusika haondoki papo hapo simu inapopoteza mtandao. Anabaki amesimama, anapigwa. Niliporudi nilikuwa nimekufa na ufunguo umekwenda. Tangu siku hiyo, mawingu yakitanda upande wa bahari, naua majitu tu.

Hatua ya tano: kulinda ulichopata

Weka namba ya siri ya benki, zile tarakimu nne, na uthibitisho wa hatua mbili. Anayesema "nipe sarafu nikurudishie mara mbili" ni mwizi. Anayekuita mfuatane Wilderness, eneo ambako wachezaji wanaweza kuuana, umebeba rungu anataka kukuua alichukue. Na anayekuuzia sarafu za gemu kwa pesa ya simu anakuuzia kufungiwa akaunti, kwa sababu sheria za gemu zinakataza. Vijana wawili ninaowafahamu hapa mjini wamepoteza akaunti za miaka kwa njia hiyo, na iliniuma kama yangu.

Langu lilidondoka kwenye ufunguo wa 141. Likidondoka lako, liokote kwanza, ndipo upige picha ya kioo. Kisha panda juu moja kwa moja hadi benki ya Edgeville uliweke.