Kutafuta na Kuhudhuria Mikutano ya Kuacha Pombe Ukiwa Ughaibuni

Mwenzetu anayeishi Leicester au Minneapolis, akishaamua kuacha pombe, mara nyingi hukwama mahali pamoja: anajua kwamba msaada upo, lakini anaogopa kuonekana akiufuata. Jumuiya zetu ughaibuni ni ndogo, watu hukutana kwenye misiba, harusi na ibada zile zile, na habari ya mtu huweza kufika Tanga au Kisumu kabla yeye mwenyewe hajapiga simu nyumbani. Mwongozo huu unahusu Uingereza na Marekani, na nimeuandika nikiiweka hofu hiyo mbele, kwa kuwa naamini inawazuia watu wengi zaidi kuliko ukosefu wa habari.

Lakini afya itangulie. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea pombe ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupata degedege, na hali hiyo huweza kuua. Nchini Uingereza unaruhusiwa kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hata kama huna hati ya ukaazi wala uthibitisho wa anwani, na unaweza kuomba mkalimani bila malipo. Nchini Marekani, simu ya SAMHSA, idara ya serikali inayoshughulikia uraibu na afya ya akili, 1-800-662-4357, hupokewa saa 24 bila malipo, na wanaopokea humwelekeza mtu kwenye huduma zilizo karibu naye. Degedege au kuchanganyikiwa akili ni dharura ya kuita gari la wagonjwa papo hapo: 999 Uingereza, 911 Marekani.

Mikutano iliyoenea zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, au AA, iliyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, baada ya dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wawili walevi, kugundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kutokunywa. Uingereza, simu yao ni 0800 9177 650, na tovuti yao huonyesha mikutano ukiingiza msimbo wa posta wa unakoishi; Marekani kuna programu ya simu iitwayo Meeting Guide. Utaona mikutano ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuingia, hata ndugu au rafiki wa kukusindikiza, na mikutano ya faragha, ambayo haiingii mtu ila anayetaka kuacha pombe. Kwa siku ya kwanza napendekeza ule wa wazi. Wafanyao zamu za usiku katika nyumba za wazee au maghala wasikate tamaa, kwa kuwa katika miji mikubwa iko mikutano ya asubuhi, na ya mtandaoni hupatikana karibu saa yoyote.

Mkutano wa kawaida huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Hakuna ada, hakuna fomu, na jina la kwanza linatosha. Mtu huzungumzia maisha yake na pombe, wengine humsikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu, kisha nafasi humfikia mwingine. Ikifika kwako, unaweza kusema kwamba leo umekuja kusikiliza tu, na hakuna atakayekulazimisha. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni hadaiwi chochote. Mwishoni usikimbilie mlangoni, maana hapo ndipo watu hupeana namba za simu, na namba ya mtu aliyekwisha kupita njia hiyo ina thamani kubwa usiku ambao hamu ya kunywa inakurudia.

Kuhusu siri, chagua mkutano ulio mbali na mtaa wa watu wetu. Ukimkuta humo mtu wa kwenu, kumbuka kwamba naye ana siri ile ile ya kulinda. Hata hivyo, usiri wa AA ni ahadi ya heshima, haulindwi na sheria kama ule wa daktari; kwa hiyo mambo ya kesi au hati zako za uhamiaji mpelekee wakili, usiyazungumze kikaoni.

Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, jambo ambalo huwatia Waislamu wasiwasi, lakini ukumbi hukodishwa tu. Hatua 12 za AA, yaani mpango wake wa kuacha pombe, humtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa, na ikiwa kikao kitafungwa kwa sala isiyo yako, unaweza kukaa kimya. Waliowahi kuziona nyumba za soba za Zanzibar, wanamokaa watu wanaojinasua na uraibu, watazitambua hatua hizo mara moja. Asiyependa kabisa lugha ya dini anaweza kutafuta SMART Recovery, ambayo hutumia mbinu za kisaikolojia za kubadili fikra na mazoea.

Kiingereza kisichonyooka kisikuzuie. Kaa mbele, sikiliza, na ukizungumza, sentensi mbili zinatosha. Mkutano mmoja usipokufaa, jaribu mwingine wa siku au mtaa tofauti, kwa sababu kila kikundi kina watu na desturi zake. Mke, mume au mzazi wa anayekunywa naye ana mikutano yake, ya Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, na anaweza kuanza kuhudhuria hata kama mnywaji mwenyewe bado hajakubali kwamba ana tatizo.