Somo: Kuongeza mazoezi ya kutembea kwenye matibabu ya uraibu

Somo hili ni la wanaohudhuria kliniki na kurudi nyumbani, pamoja na wanaowauguza. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa wala ushauri nasaha. Yanaongezwa juu yake. Husaidia usingizi, hupunguza wasiwasi, na hamu ya kutumia mara nyingi hutulia kwa muda baada ya kutembea kwa kasi.

Hatua ya 1: Ruhusa ya daktari. Aliyekuwa akinywa gongo kila siku asiache ghafla peke yake. Degedege la kuacha pombe huja zaidi kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kuweweseka huweza kufuata. Siku hizo ni za hospitali.

Hatua ya 2: Chagua saa. Hapa naomba msipite haraka. Usiulize una nafasi lini, uliza arosto, yaani kubanwa na hamu ya kutumia, inakukamata lini. Kwa wengi hapa Kigoma ni jioni, vilabu vikianza kuchangamka. Basi saa hiyohiyo uwe barabarani.

Hatua ya 3: Chagua njia. Ipite kwanza asubuhi na mtu unayemwamini, mtazame kila kilabu na kila maskani. Ikipita mlangoni kwa muuzaji, zungukeni, hata iwe ndefu. Kupanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni hadi Mwanga ni mlima wa kweli. Anayeanza atafute tambarare.

Hatua ya 4: Kiasi. Anza na dakika 10, ongeza taratibu hadi 30, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani. Uweze kuongea ila kuimba kukushinde.

Hatua ya 5: Daftari. Andika hamu yako, 0 hadi 10, kabla na baada ya kutembea. Mpelekee mshauri wako.

MASWALI

Mwalimu, mwanangu yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Akimbie?
Akiruhusiwa, ndiyo, mama. Asiruke dozi kwa sababu ya mazoezi. Methadoni huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo akipata kizunguzungu au akizimia, asimamishe mazoezi na apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Shikamoo. Mimi mvuvi wa dagaa, usiku niko ziwani. Nifanyeje?
Marahaba. Saa yako ya hatari ni asubuhi, mkishagawana pesa. Ukishuka mwaloni Kibirizi acha bodaboda, tembea haraka hadi nyumbani na mwenzako asiyekunywa. Pesa mpe mkeo, kisha ulale.

Mume wangu alikunywa Jumamosi. Tuanze upya?
Pole, dada. Asifanye mazoezi akiwa amelewa, na usimgombeze. Kama ni siku moja, mrudishe kliniki aseme ukweli, kisha aendelee na dakika alizokuwa nazo. Kama amekunywa siku kadhaa mfululizo, rudini hatua ya 1.