Cheti cha kazi ya umeme unapokarabati jikoni: mwongozo kwa mwenye nyumba nchini Uganda

Mwenye nyumba anayekarabati jikoni huanza kwa kuulizia bei ya vigae, kabati na sinki, na suala la cheti cha umeme humjia siku ya mwisho, fundi akiwa amekwisha kufungasha vifaa vyake. Hapo huwa amechelewa. Sehemu kubwa ya kazi inayothibitishwa na cheti imefichwa ndani ya ukuta, na fundi mwaminifu hawezi kutia sahihi kuhusu waya ambazo hakuziona zikipitishwa. Kwa hiyo makubaliano kuhusu cheti yafanyike siku ile ile mnapopatana bei, yaandikwe, na sehemu ya malipo isubiri mpaka cheti kikabidhiwe.

Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 inamtaka anayefunga mfumo wa umeme kwenye jengo awe na kibali kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, yaani ERA. Vibali hivyo vina madaraja, na daraja ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi ambayo mwenye kibali anaruhusiwa kuifanya. Mwombe fundi akuonyeshe kibali chenyewe, usome jina, namba, daraja na tarehe ya kumalizika muda wake, kisha uhakikishe na ERA, ambayo huweka orodha ya wenye vibali. Usione haya kufanya hivyo. Katika jiji la Kampala, lenye Barabara ya Nasser ya wachapishaji, ambako husemwa kwamba hakuna karatasi isiyochapika, muhuri peke yake hautoshi. Aidha, uliza ni nani hasa atakayekuwa kazini. Si vibaya kijana wa fundi kuchimba ukuta na kuvuta waya, ila mwenye kibali lazima afike kuikagua kazi kabla haijafunikwa na aipime yeye mwenyewe ikikamilika, kwa kuwa sahihi ni yake.

Hatua inayofuata ni kuorodhesha vyombo vyote vitakavyotumia umeme jikoni, pamoja na nguvu ya kila kimoja kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko chake. Jikoni nyingi za zamani zilifungwa kwa kuzingatia taa moja na soketi mbili, kwa sababu chakula kilipikwa kwenye sigiri nje. Siku hizi ERA imeweka nafuu ya bei kwa ajili ya wanaopika kwa umeme, na familia nyingi zinaanza kufikiria jiko la umeme kwa dhati. Hesabu yenyewe ni rahisi: gawanya wati kwa volti 240, ambazo ndizo zinazotumika majumbani kwetu. Birika la wati 3,000 linavuta ampea 12.5, na jiko la sahani nne lenye oveni, lenye wati 7,000, linaweza kufikia ampea 29. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliozoeleka kwenye soketi haufai kwa jiko la namna hiyo, hasa ikikumbukwa kwamba matooke huachwa motoni kwa saa nyingi na waya hupata muda wa kutosha wa kuchemka. Jiko lipewe njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, kwa kawaida waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32, pamoja na swichi yake iliyowekwa pembeni, mahali ambapo mkono hautapita juu ya sufuria inayochemka. Soketi ziwe na njia yake, taa nazo ziwe na njia yake, na soketi zikae mbali na sinki.

Kabla ya plasta, simamisha kazi. Mwenye kibali aje aangalie kwamba waya zimo ndani ya paipu, kwamba paipu zimepita wima au mlalo kutoka kwenye soketi na swichi badala ya kukata kona, na kwamba hakuna kiungo kilichofungwa kwa utepe na kuachwa ndani ya ukuta. Piga picha za kila ukuta, ukiweka futi ya kupimia ionekane kwenye picha ili umbali kutoka sakafuni na kutoka kwenye kona usomeke. Picha hizo zitamsaidia hata seremala atakayekuja kutoboa matundu ya kabati.

Baada ya vigae na kabla ya kuanza kutumia chombo chochote, hufuata vipimo, na hapa ndipo pa kukaa na fundi bega kwa bega. Kwanza hupimwa kama waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umeungana bila kukatika kutoka kila soketi hadi kwenye kisanduku, na kutoka hapo hadi kwenye fimbo iliyozikwa nje. Usichukulie fimbo hiyo kuwa jambo la hakika: ukarabati wa jikoni mara nyingi huhusisha kuchimba mtaro wa maji machafu nyuma ya ukuta, na jembe la kibarua hukata waya wa ethi bila yeyote kujua, kwa sababu taa zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kisha hupimwa ukinzani wa ganda la waya, yaani jinsi ganda linavyozuia umeme usivuje, kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega, kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC). Jibu lisipungue megaomu 1, na waya mpya hutoa jibu kubwa zaidi ya hapo. Jibu likiwa dogo, huenda plasta bado ni mbichi, na subira ya siku kadhaa ni bora kuliko kuandika namba ya kubuni. Mwisho, umeme ukiwa umewashwa, hujaribiwa kikata umeme kinachohisi uvujaji, ambacho madukani huitwa RCCB. Cha jikoni kiwe cha miliampea 30, na uvujaji ukifikia kiwango hicho kikate ndani ya milisekunde 300. Kubonyeza kitufe cha kujaribia kilicho juu yake ni vizuri, lakini hakuchukui nafasi ya kipimo.

Cheti kamili hutaja anwani ya nyumba, kazi iliyofanyika, kila njia ya umeme pamoja na ukubwa wa waya na breka yake, matokeo ya vipimo, tarehe, jina la fundi, namba ya kibali chake na sahihi. Mimi huanza kusoma kwenye safu ya vipimo. Namba zikifanana kuanzia juu hadi chini, kuna uwezekano mkubwa kwamba kifaa hakikutolewa kwenye mkoba.

Mpaka wa kazi ya fundi wako ni mita. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ndiyo iliyochukua usambazaji uliokuwa chini ya kampuni iliyoitwa Umeme, na mita ya Yaka, yaani ya kulipia kabla, lakiri yake na waya unaotoka nguzoni ni vya msambazaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliongeza adhabu kwa wanaochezea mita, kwa hiyo fundi akipendekeza kufungua lakiri ili kuongeza nguvu, mkatae. Mzigo mpya ukizidi uwezo wa fezi moja, yaani waya mmoja wa moto unaoletwa nyumbani, peleka maombi kwa msambazaji ukiwa na cheti mkononi. Mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, na anayebomoa kuta amwone afisa wa udhibiti wa majengo wa eneo lake.

Ikiwa ukuta umekwisha kufunikwa na cheti hakipo, tafuta mwenye kibali mwingine umwombe ripoti ya hali ya mfumo. Atafungua soketi, swichi na kisanduku, apime, na ataje waziwazi sehemu ambazo hakuweza kuziona. Picha za ukutani, kama zipo, mpe kabla hajaanza. Akitaka kuondoa vigae viwili au vitatu ili aone kiungo anachokishuku, mruhusu.