Tamathali za semi bila kukariri orodha: anza na sentensi iliyogoma

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaokuja kusoma kwangu jioni hapa Ngamiani, Tanga, karibu wote wanakuja na daftari lenye orodha ndefu ya tamathali za semi, yaani mbinu za kunogesha maneno, tashbihi ni hivi, sitiari ni hivi, tafsida ni hivi, na wameikariri kweli, ukimshtua usiku anakutajia yote. Afu unampa shairi la beti tatu anabaki anakodoa macho. Namuelewa kwa sababu mie nilikuwa hivyohivyo. Enzi zangu nasoma niliandika kwenye mtihani wa majaribio "mshairi ametumia sitiari" mara sita na maksi nilizopata hazikufika nusu, maana sikusema hata sehemu moja hiyo sitiari inafanya kazi gani pale. Iliniuma, na hakuna aliyenieleza kosa liko wapi.

Sasa nafundisha Kiswahili na natunga mashairi ya harusi huku mtaani, kwahiyo hizi mbinu nazitumia kwa mikono yangu, na njia ninayoamini ni moja: jina la mbinu lije mwisho. Kwanza sentensi.

Hatua ya 1: Okota sentensi kwa watu

Usianzie kitabuni. Nenda sehemu watu wanaongea kwa nia ya kupata kitu, sokoni, msibani, stendi, uwanjani. Mie nawapeleka wanafunzi wangu soko la samaki la Deep Sea asubuhi samaki wakishuka, wanakaa pembeni na daftari wanaandika maneno ya wauzaji kama yalivyo. Siku moja binti mmoja akarudi na hii ya baba mmoja muuza changu, aina ya samaki: "Njoo mama, changu wa leo hawa, macho yanakuita!"

Hatua ya 2: Isome kama askari anayechukua maelezo

Yaani neno kwa neno, bila kuisaidia. Macho yanaita? Macho hayana mdomo, na ya samaki aliyekufa ndo kabisa. Hapo sentensi imegoma, imekataa maana ya kawaida, na ikigoma ujue kuna mbinu. Ikikubali vizuri tu, mfano "changu wawili elfu nane", pita, usilazimishe.

Hatua ya 3: Jiulize kwa nini hakusema moja kwa moja

Hapa ndo penye utamu wote na ndo hatua inayorukwa na wengi. Yule baba angeweza kusema "samaki hawa ni wabichi", maneno manne, yameisha. Sasa fikiria mama anayenunua samaki anaangalia nini kwanza: macho na mashavu. Samaki mbichi macho yametuna na yanang'aa, akishakaa yanazama na kuingia ukungu. Kwahiyo muuzaji hakuchagua macho kwa bahati, kachagua palepale mama atakapoangalia, afu akayapa kazi ya binadamu, kuita, ili mama ajisikie ameitwa yeye na si mwingine. Neno moja limebeba ushahidi na mwaliko kwa pamoja. Baada ya kuliona hilo ndo unaruhusiwa kusema jina: tashihisi, kitu kisicho mtu kimepewa tendo la mtu.

Rudi palepale saa nane mchana umsikilize mtu huyohuyo. Akibanwa kuhusu samaki waliobaki atakwambia "huyu kachoka kidogo". Kuchoka nako ni tendo la kiumbe hai, kwahiyo tashihisi ipo, ila kazi imebadilika kabisa, sasa anapunguza makali ya neno ambalo lingemfukuza mteja. Hiyo ni tafsida. Sentensi moja inaweza kubeba mbinu mbili na hakuna ubaya, andika zote mbili mradi kila moja uionyeshee kazi yake.

Hatua ya 4: Tenganisha tashbihi na sitiari, na usidanganywe na "kama"

Zote mbili zinaweka vitu viwili pamoja. Tashbihi inaacha daraja likionekana: kama, mithili ya, sawa na, utadhani, ja. Sitiari inavunja daraja na kusema hiki NDICHO kile.

Makosa ninayosahihisha kila wiki ni ya "kama". "Kama utakuja niambie" hiyo ni sharti, haina tashbihi yoyote. "Ali ni mrefu kama baba yake" nayo hapana, mtu na mtu wote wana urefu, umelinganisha tu kama unavyopima kwa futi. Ila ukisema "Ali kasimama kama mlingoti" hapo umetoka kwa mtu ukaenda kwenye jahazi, jinsi mbili tofauti zimekutanishwa, na msomaji analazimika kutafuta zinafanana wapi: wembamba, kunyooka, kutotikisika. Kipimo changu ni hicho, vitu vitoke kwenye jamii mbili tofauti.

Kwenye sitiari mtego ni "ni". "Juma ni mwalimu" ni taarifa. "Juma ni simba" ni sitiari. Ila zile nzuri hazina hata hiyo "ni", zimejificha ndani ya kitenzi: "Juma kanguruma kikaoni". Simba hajatajwa popote na bado umemsikia! Mimi hizi nazipenda kuliko zote, na wanafunzi ndo wanazikosa kuliko zote kwa sababu wanatafuta nomino tu. Soma vitenzi.

Kuna na zile zilizozeeka mpaka hatuzioni tena, mdomo wa chupa, mguu wa meza, kula rushwa. Kwa asili ni sitiari ila siku hizi ni lugha ya kila siku, na nyingine zimeshaganda kuwa nahau, kama kula chumvi nyingi kwa maana ya kuishi miaka mingi. Kwenye shairi ukikutana na kitu kama hicho iite nahau, usihangaike, labda mtunzi awe kaifufua kwa makusudi.

Hatua ya 5: Angalia vipimo

Kikizidi ukweli ni mubalagha. "Tanga nzima ilikuwa Mkwakwani", hapana, hata uwanja hautoshi, msemaji anataka uuone msongamano. (Wasomaji wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, nyie mmezoea kuiita chuku, ni kitu kilekile.) Kikipunguzwa makali ni tafsida, na humo msibani ndo shule yake: ametutoka, ametangulia, amepumzika. Hakuna anayedanganywa na maneno hayo, kila mtu anajua mtu kafa, lakini mfiwa anapewa nafasi ya kupumua. Hiyo ndo kazi ya tafsida, na ukiiandika hivyo kwenye jibu lako msahihishaji anaona kwamba umeelewa.

Hapohapo msibani sikiliza mtoto anavyolia: "Mama, umeniachia nani?" Anaongea na asiyeweza kujibu kana kwamba yupo, hiyo ritifaa. Na swali lenyewe halingoji jibu, hiyo tashtiti. Maneno matatu. Mie hata nikifundisha naishiwa nguvu nikifika kwenye mfano huu, lakini siuachi maana hakuna unaoonyesha vizuri zaidi kwamba mbinu hizi hazikubuniwa na waandishi wa vitabu, watu wanazitoa kifuani.

Hatua ya 6: Isome kwa sauti

Kuna mbinu jicho halizioni. Chukua methali tunayoijua wote, "Haba na haba hujaza kibaba". Kibaba ni kipimo cha nafaka. Sasa hesabu silabi "ba": ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, afu mwishoni zinakuja mbili kwa mpigo, kibaba. Unasikia punje zinadondoka, moja, moja, halafu pap kimejaa! Hiyo ni takriri na imefanya kazi ambayo maelezo ya ukurasa mzima yasingeifanya. Na hiyo "pap" niliyoandika mimi sasa hivi ni tanakali sauti, neno linaloiga mlio.

Hatua ya 7: Kejeli, hapa tumia muktadha

Sentensi ya kejeli haigomi, ndo ugumu wake. Mtu kachelewa kwenye shughuli saa mbili nzima, mwenyeji anamwambia "Karibu bibi, umewahi kweli". Neno kwa neno ni sifa. Kwahiyo linganisha maneno na tukio, vikipingana una kejeli. Kwenye tamthiliya rudi kurasa mbili nyuma uone mhusika kafanyiwa nini kabla hajaongea.

Hatua ya 8: Andika jibu kwa mafungu matatu

Dondoo, jina, kazi. Usiache la tatu hata kama muda umeisha, bora uandike mbinu tatu kamili kuliko saba nusunusu.

Nitakuonyesha kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi, na hapa kwetu jina ndo mtu anachosoma kwanza kabla hata hajauliza bei ya doti. Tuchukue "Wema hauozi". Isome kama askari: wema si samaki wala si embe, utaozaje? Imegoma. Vitu viwili ni vipi? Wema, na kitu cha kuliwa, ambacho hakikutajwa, kimejificha kwenye kitenzi. Jibu langu lingekuwa hivi:

*Katika "Wema hauozi" kuna sitiari: wema umechukuliwa kama chakula bila kutumia neno la kulinganisha. Sitiari hii inamfanya msomaji afikirie vitu anavyoviona vikiharibika kila siku, kisha autofautishe wema na vitu hivyo, kwamba hata ukicheleweshewa shukrani wema wako bado upo na siku moja utakufaa.*

Sentensi mbili, inatosha. Sasa fungua kabati la mama au la bibi, toa kanga tano, andika majina yake kwenye daftari, pitisha kila moja hatua ya 2 mpaka ya 6. Halafu muulize mwenyewe alimvalia nani na siku gani, ukipata jibu hilo rudi hatua ya 7.