Barua Mbili za Udahili Mkononi: Mwanafunzi wa Sayansi Achague Ipi?

Barua mbili za udahili zikikufikia wiki moja, mkono hukimbilia orodha za ubora wa vyuo duniani. Ziache kwanza. Orodha zile hupima chuo kizima, ilhali anayekwenda kufanya utafiti wa uzamili au uzamivu ataishi ndani ya maabara moja, chini ya msimamizi mmoja, kwa fedha za mradi mmoja.

Anza na pesa, na upige hesabu ya mwaka, si ya mwezi. Tuseme chuo cha kwanza kinatoa posho ya dola 3,000 kwa mwezi na cha pili dola 2,500. Cha kwanza kinavutia, mpaka usome maandishi madogo: kinalipa miezi 9, jumla 27,000, cha pili kinalipa miezi 12, jumla 30,000. Kwenye ile 27,000 ya cha kwanza toa ada ndogondogo za 1,800 ambazo msamaha wa ada haukuzigusa, unabaki na 25,200, yaani 2,100 kwa mwezi ukigawa kwa miezi 12. Mwenye nyumba naye hadai miezi 9 tu. Tazama pia kama kuna maneno “kutegemea upatikanaji wa fedha”. Ukiyaona, andika barua pepe uulize ni miaka mingapi iliyo na uhakika. Jibu la mdomo usilihesabu.

Kisha mchunguze msimamizi. Fungua Google Scholar, mtandao wa kutafuta makala za kitaaluma, pitia makala zake za miaka 5 iliyopita. Katika sayansi nyingi za maabara, jina linalotangulia kwenye orodha ya waandishi ni la aliyefanya kazi yenyewe. Kama majina ya wanafunzi wake hayakai mbele, jiulize kwa nini. Watafute wanafunzi wawili watatu, mmoja awe amekwisha kuhitimu, uwaulize maswali yanayojibiwa kwa namba: mlimaliza kwa miaka mingapi? Mnakutana naye mara ngapi kwa mwezi? Wangapi waliondoka njiani? Nani analipia kemikali na muda wa mashine? Anayesema “ni mtu mzuri tu” kisha akageuza mazungumzo, amekwisha kukujibu. Msimamizi mwenyewe muulize ruzuku ya mradi inaisha lini. Ikiisha mwaka wa pili na masomo ni ya miaka minne, miaka miwili iliyobaki huenda ukaifanya ukifundisha madarasa ili upate posho, na majaribio yakasubiri.

Kanuni za nchi nazo huvuruga mahesabu. Uingereza hudai cheti cha ATAS, kibali cha serikali cha kusomea teknolojia nyeti, kwa masomo mengi ya juu ya fizikia, kemia na uhandisi, isipokuwa kwa raia wa nchi zilizosamehewa. Hakilipiwi, ila huchukua wiki kadhaa, na bila hicho viza haitoki. Anayeomba Agosti kwa masomo ya Septemba amechelewa. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wengi wa wanafunzi wa uzamili wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Norway nayo imekuwa ikitoza tangu 2023, kwa hiyo ushauri wa zamani kwamba huko ni bure tupa. Marekani, ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, OPT, ni miezi 12, na wenye shahada za sayansi zilizoorodheshwa huweza kuomba 24 zaidi. Kinachoangaliwa ni namba ya programu iliyo kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza, si jina zuri la kozi. Iulize kabla ya kukubali.

Ukishinikizwa kujibu haraka, kumbuka vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwombaji wa uzamili au uzamivu aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Ila ukiamua mapema, waandikie siku hiyohiyo wale uliowakataa. Mistari minne inatosha, na nafasi yako humwendea aliye kwenye orodha ya kusubiri.