Insha isitue nzima: ninavyosahihisha kwa Google Docs

Nafundisha uandishi wa insha, Kiswahili mwaka wa kwanza, darasa la watu 84. Zamani nilikusanya makaratasi 84 safi, yamechapwa stesheneri ya getini, na kosa la mchapaji lilelile kwenye insha tano tofauti. Nani kaandika nini? Sikujua.

Siku hizi, wiki ya pili kila mwanafunzi anafungua faili moja la Google Docs, programu ya kuandikia mtandaoni, na kunipa ruhusa ya kuhariri. Akikupa ya kusoma tu, historia ya faili, yaani nini kilibadilishwa na lini, huioni, na mimi ninaitaka hiyo. Faili ni hilohilo hadi mwisho wa muhula.

Kuifungua historia hiyo, kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+Alt+Shift+H. Kulia zinatokea tarehe na saa. Insha iliyoandikwa utaiona ikihangaika: sentensi imefutwa, aya imehamia juu, kichwa kimebadilika mara tatu. Iliyonakiliwa kwingine na kubandikwa inatua nzima, maneno 800 kwa mpigo.

Ila usikimbilie kumkamata mtu. Mwaka jana nilimwita binti mmoja, insha yake ilitua hivyo. Akatoa simu: alikuwa kwao kijijini, bando limekata, kaandika kwenye notisi za simu. Rasimu tatu zilikuwemo humo. Niliona haya. Tangu hapo nawafundisha mapema kuweka faili lifunguke bila intaneti, na anayebandika aandike pembeni katoa wapi.

Kusahihisha: usiwarekebishie sentensi kwa mapendekezo, yale marekebisho ambayo mwenye faili huyakubali kwa kubonyeza tiki. Wanabonyeza tiki zote bila kusoma, nawe umeandika insha ya mtu. Mimi naacha maoni matatu tu pembeni, kila moja swali. Mmoja aliandika, "Vijana wengi hawana ajira kutokana na changamoto mbalimbali." Nikamuuliza: zipi? Nitajie moja uliyoiona nyumbani. Kesho yake nikakuta: "Kaka yangu ana cheti cha umeme, anaendesha bodaboda, maana kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu."

Mpangilio ukiwa ndio mbovu, namtumia ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika moja na nusu. Kuuandika ningechukua robo saa.

Wasio na simu janja wanatumia maabara ya kompyuta Jumatano. Umeme ukikatika wanarudi kwenye daftari, na mwenzao anapiga picha kurasa na kunitumia. Sharti langu ni moja: kalamu ya wino, na mistari iliyokatwa ionekane.