Kuanza na Docker: hatua sita, na ile ya poti iliyonikesha

Juzi mwenzangu wa kazini aliniita mezani kwake. Anatumia Docker, programu inayoendesha programu nyingine zikiwa zimetengwa, kila moja kwenye kontena lake. Kontena limewaka, `docker ps` (orodha ya makontena) haina malalamiko, logi hazina kosa hata moja, lakini kivinjari kinamkatalia. Nilicheka kidogo, maana jambo hilohilo liliwahi kunikesha hadi alfajiri. Hatua hizi nilimwandikia yeye. Kama una haraka, ruka hadi ya nne.

Hatua ya 1: Sakinisha

Fuata maelezo ya tovuti rasmi ya Docker kulingana na mfumo wako. Neno langu ni moja tu. Kwenye Linux utaambiwa ujiongeze kwenye kundi la `docker` ili usiandike `sudo` kila mara. Kwenye kompyuta yako, sawa. Kwenye seva mnayotumia wengi, fikiri mara mbili, kwa sababu aliye kwenye kundi hilo ana nguvu sawa na root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ndiyo maana kwenye seva mimi napenda Podman: haihitaji daemoni (programu inayokimbia chinichini) ya root, na amri nyingi ni zilezile, unabadilisha tu neno `docker` kuwa `podman`.

Programu za kubofyabofya sizipendi kwa anayeanza. Siku utakapoingia kwenye seva kwa SSH hutakuta kitufe hata kimoja.

Hatua ya 2: Washa la kwanza

```
docker run --rm -it alpine:3.20 sh
```

Ukiona `/ #`, uko ndani. Andika `ps`. Utaona michakato miwili: `sh` yenye namba 1, na `ps` yenyewe. Basi. Kompyuta yako ina mamia ya michakato lakini humu huioni. Kontena si kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ni mchakato wa kawaida ambao kerneli ya Linux imeuficha wenzake na kuupimia RAM na CPU. Andika `exit`, na kwa sababu ya `--rm` kontena linafutika.

Angalia kwamba nimeandika `alpine:3.20`. `alpine` ni imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho, na `3.20` ni lebo yake. Usipotaja lebo unapewa `latest`, na hilo ni jina tu, haliahidi chochote: leo linaleta toleo hili, mwezi ujao jingine, nawe hujagusa kitu.

Hatua ya 3: Amri za kila siku

```
docker run -d --name wavuti -p 127.0.0.1:8080:80 nginx:1.27
docker ps -a
docker logs -f --tail 50 wavuti
docker exec -it wavuti sh
docker stop wavuti
docker rm wavuti
```

Hizi sita zinanitosha siku nyingi. Ile `-a` usiiache. Bila hiyo kontena lililozimika halionekani, na utadhani halijawahi kuwapo. Kwenye safu ya STATUS soma namba iliyo kwenye mabano. `Exited (137)` ni 128 jumlisha 9, yaani mchakato umeuawa kwa SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo. Mara nyingi RAM imekwisha, au ulilizima kwa `docker stop` likagoma hadi sekunde 10 zikapita.

Hatua ya 4: Poti

Poti ni namba ya mlango ambao programu husikiliza. Kwenye `-p` ya nje hutangulia, ya ndani hufuata. `-p 8080:5000` maana yake anayebisha 8080 kwenye kompyuta yako apelekwe 5000 ndani ya kontena. Hadi hapa kila mtu anaelewa, hata mimi nilielewa.

Nilikuwa na programu ndogo ya wavuti ya Flask, zana ya Python. Bila kontena ilifanya kazi. Nikaiweka kwenye kontena, amri sahihi kabisa, na `curl` ikanijibu:

```
curl: (56) Recv failure: Connection reset by peer
```

Nikabadilisha poti. Nikazima ukuta wa moto. Nikajenga imeji upya kwa `--no-cache`, mara tatu. Mwishowe nikaifuta Docker nzima na kuisakinisha tena, jambo ninalolionea haya mpaka leo. Kumbe jibu lilikuwa kwenye logi muda wote, kwenye mstari niliokuwa nauona bila kuusoma:

```
 * Running on http://127.0.0.1:5000
```

127.0.0.1 ni "hapahapa". Lakini hapa wapi? Kontena lina mtandao wake, anwani yake, na 127.0.0.1 yake. Programu inayosikiliza hapo inawasikia waliomo ndani ya kontena hilo tu. Ombi linalotoka nje huingia kupitia anwani nyingine ya kontena, kwa kawaida kitu kama 172.17.0.2, na huko hakuna anayesikiliza. Dawa yake ni 0.0.0.0, yaani sikiliza kwenye anwani zote:

```
flask run --host=0.0.0.0
```

Seva nyingi za kutengenezea programu huanza na 127.0.0.1, na kila moja ina mahali pake pa kubadilisha. Kabla hujabomoa chochote, jaribu kuiita ukiwa ndani. Imeji nyingi ndogo hazina `curl` wala `wget`, kwa hiyo kwa imeji ya Python mimi hutumia hii (`programu` ni jina la kontena):

```
docker exec programu python -c "import urllib.request as u; print(u.urlopen('http://127.0.0.1:5000').status)"
```

Ikijibu 200 ndani huku nje unakatwa, kwanza shuku anwani ya kusikiliza, kisha hakikisha namba ya ndani kwenye `-p` ndiyo hiyo 5000.

Sasa tahadhari, maana mwenzangu aliporekebisha hili alikwenda kuharibu lile. Kwenye hatua ya 3 niliandika `127.0.0.1:8080:80` kwa makusudi. Hiyo ni 127.0.0.1 ya nje, ya kompyuta yako. Ukiandika `8080:80` peke yake, Docker inafungua poti kwenye anwani zote za kompyuta, na kwenye Linux huweka kanuni zake za iptables (kanuni za mtandao za kerneli) zinazopita kando ya ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu na wenzake. Unaweza kuwa umeifunga poti kwa ufw na ukalala fofofo, kumbe iko wazi kwa dunia nzima. Kwa hiyo ndani ya kontena weka 0.0.0.0, nje weka 127.0.0.1, isipokuwa kama kweli unataka watu wa nje waingie.

Mkanganyiko huohuo upo upande wa pili. Programu iliyo kwenye kontena ikitafuta hifadhidata kwenye `localhost:5432`, inajitafuta yenyewe. Tengeneza mtandao:

```
docker network create kazi
```

Washa makontena yote mawili kwa `--network kazi`, kisha yaitane kwa majina: `db:5432`. Lazima uutengeneze mwenyewe, kwa sababu kwenye mtandao wa chaguo-msingi makontena hayatambuani kwa majina. Na hapa `-p` haihitajiki kabisa. Wakiwa kwenye mtandao mmoja wanatumia poti ya ndani.

Hatua ya 5: Data

Ukifuta kontena, yote liliyoandika ndani yake yanakwenda nalo. Data ikae kwenye volyumu yenye jina, yaani hifadhi inayobaki nje ya kontena:

```
docker run -d --name db --network kazi \
  -e POSTGRES_PASSWORD=siri \
  -v data_pg:/var/lib/postgresql/data postgres:16
```

Lifute `db`, liwashe upya kwa amri hiyohiyo, na majedwali yako utayakuta.

Hatua ya 6: Usafi

`docker system df` inaonyesha diski imeliwa na nini. `docker system prune` inafuta makontena yaliyozimwa, mitandao isiyotumika, imeji zisizo na lebo na mabaki ya ujenzi.

Usiizoee `docker volume prune -a`. Hiyo inafuta hata volyumu zenye majina, mradi tu hakuna kontena linalozishikilia. Ukiwa umezima `db`, ukaendesha `docker system prune`, kisha ukaifuatisha hii, amri ya kwanza imeondoa kontena lililokuwa likiilinda `data_pg`, na ya pili imeondoka na `data_pg` yenyewe.